Tumechanganyika, Hatujachanganyikiwa

Ukitafuta kitenzi cha Kiingereza confuse kwenye kamusi ya Kituruki, hupewi jibu moja. Unapewa mawili, na ukikaza macho unaona ni matatu. La kwanza ni karıştırmak, yaani kuchanganya: unga na maji, karata kabla ya kugawa, maziwa na majani ya chai. La pili ni karıştırmak hilo hilo, lakini safari hii ni kudhani huyu ni yule, kama mwalimu anayewachanganya mapacha darasani. La tatu ni şaşırtmak, kumfanya mtu apotewe asijue ashike njia gani. Hiyo ş isome kama sh yetu.

Nilianza kujifunza Kituruki kwa simu, kwa sababu ya tamthilia. Nyumbani kwetu Isiolo, jua likizama, mama anataka kujua nani amesalitiwa na nani kule Istanbul, na mimi nikataka kusikia wanachosema wenyewe badala ya sauti walizotiwa. Nilidhani nitaokota maneno ya mapenzi na ya kisasi. Nikakwama kwenye kitenzi hiki. Kila maana yake ina sura yake katika historia ya mji wetu, na gharama ya mojawapo bado inalipwa na watu hadi leo.

Afande ni Mturuki

Kwanza tuondoe wazo kwamba Kituruki ni lugha ya mbali. Kila Mkenya aliyewahi kusimamishwa na polisi usiku ameshaongea Kituruki. "Afande" ni efendi, neno la heshima la dola la Ottoman, ambalo Waturuki nao walilitoa kwa Wagiriki. Lilifikaje kwenye kizuizi cha barabara ya Isiolo?

Lilikuja kwa miguu. Jeshi la Misri la karne ya 19 lilitumia vyeo vya Kituruki, na Misri ilipoivamia Sudan kuanzia 1820 vyeo hivyo vilipanda na mto Nile. Wanajeshi wa Kisudan walifika hadi Equatoria, eneo ambalo leo ni Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda, chini ya Emin Pasha. Mwaka 1891, Frederick Lugard aliwakusanya waliobaki na kuwaleta Uganda. Wakawa uti wa mgongo wa jeshi la Waingereza pale, na kikosi chao kikaingizwa kwenye King's African Rifles, KAR, ilipoundwa 1902. Wazao wa wanajeshi wa aina hiyo ndio Wanubi wa Kibera.

Walikuja na maneno yao. Onbaşı, "mkuu wa kumi", akawa ombashi. Çavuş akawa shaushi. Effendi kikawa cheo cha juu kabisa ambacho askari Mwafrika angeweza kupewa. Idi Amin alikipata 1959. Kituo cha polisi kwa Kituruki ni karakol, Wamisri wakatamka karakon, na sisi magazeti yetu kila wiki yanatuambia fulani "ametupwa korokoroni". Sikiliza mwenyewe.

Hata msamiati wetu wa tashwishi una binamu kule. Waarabu wana tashwish, yaani vurugu na mkanganyo. Waturuki wa zamani walilichukua wakasema teşviş. Sisi tukasema tashwishi, shaka inayomsumbua mtu. Mzizi huo huo ndio uliotupa kushawishi. Kumshawishi mtu, kwa asili yake, ni kumvuruga kwanza.

Kwa hivyo lugha ya amri iliyofika kaskazini mwa Kenya ilikuwa imeshachanganyika kabla haijavuka mpaka wowote. Aliyeibeba ni askari Msudani, vyeo vyake vya Kituruki, mkubwa wake Mwingereza, na lugha ya kambi ni Kiswahili. Halafu jeshi hilo likapewa kazi ya kuhakikisha watu hawachanganyiki. Hapo ndipo hadithi ya Isiolo inapoanzia.

Kumimina pamoja

Confuse inatokana na Kilatini confundere, "kumimina pamoja". Kituruki kinasema kuchanganya. Kisomali kina qas, kukoroga na pia kuvuruga. Kiswahili kina kuchanganya kwa maana zote mbili, na kina vuruga, kitendo cha kutibua maji mpaka tope lipande juu. Lugha hizi hazina ukoo mmoja, lakini zote ziliona jambo lile lile: vitu viwili vikiingiliana, mtazamaji anapata shida.

Neno muhimu hapo ni mtazamaji. Chai ya maziwa haina shida yoyote na hali yake. Mwenye shida ni yule aliyetaka maziwa peke yake na majani peke yake baada ya chai kuchemka.

Mtazamaji wa Isiolo alikuwa serikali ya kikoloni. Tangu 1902 ilikuwa na sheria ya kufunga maeneo ya pembezoni, huingii bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalum, iliyowapa maofisa uwezo wa kuzuia watu kutembea, kuwakamata, na kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mmoja wao. Kaskazini yote, Northern Frontier District, NFD kwa kifupi, ilikuwa kama boma lililofungwa kwa nje, na mlango wa kusini wa boma hilo ulikuwa Isiolo. Ng'ombe kutoka kaskazini waliwekwa karantini hapo wachunguzwe, ili magonjwa yasiwafikie ng'ombe wa walowezi wa Laikipia na kwingineko. Watu nao walihitaji pasi. Mtu na ng'ombe kwenye foleni moja.

Ndani ya boma, wakoloni walichora mistari. Mmoja ulijulikana kwa jina ambalo nusu yake leo ni tusi, ukitenganisha malisho ya Wasomali upande wa mashariki na ya Waborana na jamaa zao upande wa magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana wa Wajir walihamishiwa ukanda wa mto Ewaso Nyiro, ndani ya wilaya ya Isiolo. Tangu hapo wanaitwa Waborana wa Waso. Lengo la yote haya lilikuwa moja: kila jamii ikae kwenye chungu chake.

Sasa angalia kilichotokea mlangoni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwapa makazi Isiolo Wasomali waliowahi kuwatumikia jeshini, wengi wao Waisaaq na Waherti ambao asili yao ni mbali sana, pwani ya Ghuba ya Aden. Wakaongezeka Waborana na Wasakuye kutoka mashariki. Waturkana walishuka kutoka kaskazini magharibi. Wasamburu walikuwa jirani, Wameru walikuwa mlima wa pili. Makarani na askari walitoka kila kona. Mji uliojengwa kama kizuizi ukageuka njia panda. Majina ya mitaa yenyewe yanaeleza: Bulla Pesa, kwa mfano. Bulla ni mtaa kwa Kisomali. Pesa imevuka bahari kutoka India ikawa Kiswahili. Hakuna kamati iliyokaa kuliunda jina hilo. Watu walikaa tu.

Serikali ilihangaika. Mfano ninaoupenda ni wa kodi. Sheria ya 1919 iliwaruhusu baadhi ya Wasomali wasihesabiwe kama "wenyeji", wakapata nafasi fulani iliyokaribia ya Waasia. Halafu mwaka 1936 ikaja kodi mpya ya wasio wenyeji: Waasia walipe shilingi 30, na kundi la "wengineo", wakiwemo Wasomali, walipe 20. Ungedhani Waisaaq wangeshangilia nafuu ya shilingi 10. Walikataa. Walitaka kulipa 30. Waliandika malalamiko, wakatafuta mawakili, barua zikafika London, wakidai haki ya kutozwa zaidi.

Tukisoma leo tunacheka kidogo. Lakini walielewa jambo ambalo sisi tumelisahau: katika koloni, safu unayoandikwa kwenye daftari ndiyo inayoamua utalala hospitali gani, utasafiri bila pasi au na pasi, na mtoto wako atasoma au hatasoma. Shilingi 10 ilikuwa bei ya neno. Hawakuwa na fujo yoyote kichwani kuhusu wao ni nani. Daftari ndilo lililokuwa na safu chache kuliko watu.

Huyu ni yule

Maana ya pili ya kitenzi ni hatari kuliko ya kwanza. Hapa hakuna kinachochanganyika. Vitu viwili viko mbalimbali, na mtu anakichukua kimoja kwa kingine.

Uhuru ulipokaribia, swali la NFD lilikuwa kama ibaki Kenya au ijiunge na Somalia, iliyopata uhuru wake 1960. Mwaka 1962 Waingereza walituma tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, izunguke na kuuliza maoni. Tume ilikuta kwamba sehemu kubwa ya eneo, hasa mashariki kwa Wasomali, walitaka kuondoka. Kwingine walitaka kubaki. Isiolo, kama ilivyo ada yake, ilikuwa na watu wa kila upande, wakati mwingine ndani ya boma moja. Machi 1963 London ikaamua: eneo la Wasomali liwe mkoa wa saba wa Kenya, na Isiolo iingizwe Mkoa wa Mashariki.

Tarehe 28 Juni 1963, mkuu wa wilaya wa kwanza Mwafrika wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, alikuwa safarini ndani ya wilaya pamoja na Haji Galma Dida, chifu mkubwa wa Waborana wa Waso. Wote wawili walitaka watu wao wabaki Kenya. Walipigwa risasi wakafa. Ukiwa Nairobi na umewahi kushuka Wabera Street ukitafuta mahali pa kula mchana, umelitembelea jina lake. Wabera pia ni wadi katikati ya mji wetu. Watu wengi wanalitaja kila siku wakidhani ni jina la mtaa tu.

Fikiria maana yake. Viongozi hao wa Isiolo waliuawa kabla ya bendera kupandishwa, kwa sababu ya kusimama upande wa Kenya. Desemba 12 Kenya ikawa huru. Kabla mwezi huo haujaisha, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki, na wilaya jirani, Isiolo ikiwemo, zikaingizwa kwenye wavu huo huo. Vita vilivyofuata viliitwa Vita vya Shifta.

Shifta ni neno la Ethiopia. Kule maana yake ni mtoro aliyeikimbia sheria, jambazi wa nyikani, ingawa mara nyingine mtu kama huyo aligeuka shujaa wa watu wake. Kenya ililichukua upande mmoja tu. Ukimwita mpiganaji shifta, hana tena hoja ya kisiasa ya kujibiwa. Ni mwizi wa mifugo mwenye bunduki. Hiyo ni kazi ya kwanza ya neno. Ya pili ilikuwa pana zaidi. Kwa kuwa shifta alikuwa mfugaji, Mwislamu, mwenye ngamia na kikoi, basi kila mfugaji Mwislamu mwenye ngamia na kikoi alianza kufanana na shifta. Karıştırmak. Huyu akawa yule.

Jamii iliyompoteza Haji Galma kwa risasi za waasi ikaanza kutendewa kama jamii ya waasi. Sijui kamusi ipi ingeweza kutoa mfano bora wa matumizi ya kitenzi hiki.

Kuhamisha miche

Sasa şaşırtmak, ile ya tatu. Kwenye tamthilia utaisikia mtu anapoduwazwa na habari. Yolunu şaşırmak ni kupotea njia. Lakini neno hili lina maana nyingine ambayo wakulima wa Kituruki wanaijua vizuri kuliko waigizaji: kung'oa mche kitaluni na kuupanda mahali pengine. Mche unapotewa. Haujui tena udongo wake.

Kuanzia 1966 serikali ya Kenya iliwang'oa wafugaji na kuwakusanya kwenye vijiji vya lazima, mbinu iliyotumiwa na Waingereza dhidi ya Mau Mau miaka 10 tu nyuma yake, tena juu ya baadhi ya wale wale ambao sasa walikuwa serikalini. Katika wilaya ya Isiolo watu walikusanywa sehemu kama Garba Tulla, Merti na Modogashe. Vijiji hivyo viliitwa manyatta, neno zuri la Kimaa la nyumbani, likapewa uzio na askari mlangoni.

Waborana wa Isiolo hawaviiti Vita vya Shifta. Wanasema gaaf daba, wakati wa kusimamishwa. Akko, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na namna yake ya kulitamka: anasema gaaf, ananyamaza, kisha daba, kama mtu anayefunga mlango. Kila kitu kilisimama. Mfugaji asiyetembea si mfugaji, na ngamia hawezi kulishwa ndani ya uzio. Mifugo iliyokutwa nje ya maeneo yaliyoruhusiwa ilipigwa risasi au kuchukuliwa. Iliyobaki ndani ilikufa kwa njaa na magonjwa. Wasakuye, ambao maisha yao yote yalikuwa ngamia, walibaki karibu bila ngamia kabisa. Mwanaanthropolojia Gudrun Dahl alipofanya utafiti kati ya Waborana wa Waso miaka ya 1970, alikuta jamii iliyofukarishwa, wengi wakitegemea vibarua, biashara ndogo na misaada. Kitabu chake kilitoka 1979. Mitaa ya Isiolo iliyojaa baada ya hapo haikujazwa na watu waliovutiwa na taa za mji. Walikuwa miche iliyohamishwa.

Oktoba 1967 Kenya na Somalia ziliafikiana Arusha, chini ya upatanishi wa Kenneth Kaunda, na vita vikaisha kwenye karatasi. Kisha mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kinga. Sheria hiyo ilisema hakuna anayeweza kuwashtaki maofisa na wanajeshi kwa yale waliyotenda kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Ukiisoma taratibu unaona kitu cha ajabu. Nchi inasema hakuna la kuulizwa, na wakati huo huo inataja tarehe na mahali, wilaya moja moja, kama mtu anayekana kuiba huku akikuonyesha dirisha.

Hapo ndipo mtu anapopotewa kweli kweli. Kupigwa ni jambo moja. Kupigwa halafu ukaambiwa hakuna mahali pa kusema kwamba umepigwa ni şaşırtmak. Nadhani ndiyo maana watu wa huku kwetu, kwa miaka mingi, wakipanda basi kwenda Nairobi walisema "naenda Kenya", na wakirudi waliulizwa "Kenya wanasemaje?" Watu wa Nairobi husikia hilo kama mzaha. Kwa wazee wetu lilikuwa maelezo sahihi ya jiografia.

Hali ya hatari iliondolewa 1991, karibu robo karne baada ya vita. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba msamaha Bungeni kwa dhuluma za serikali zilizopita na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10. Msamaha ulisikika. Fidia ni hadithi nyingine, muulize yeyote anayeisubiri.

Herufi mbili

Mimi baba yangu ni Mborana na mama ni Mmeru. Nilipofika umri wa kitambulisho, nilikaa mbele ya jopo la uhakiki, wazee na maofisa pamoja, katika ofisi ambayo sitaitaja. Wenzangu wa shule kutoka mikoa mingine walikuwa wameshapata vyao, bila jopo. Nikaulizwa kabila langu.

"Mzee, nimechanganyika," nikasema.

Ofisa mmoja akatabasamu. "Umechanganyika, ama umechanganyikiwa?"

Kicheko kikapita. Nikapewa orodha ya karatasi za kwenda kutafuta: cheti cha babu, barua ya chifu, shahidi. Swali lake lilikuwa utani, na sina kinyongo naye. Lakini Kiswahili chake kilikuwa sahihi kuliko alivyojua, kwa hivyo nimelipasua pasua tangu siku hiyo.

Kuchanganyika ni hali. Maji na sukari vimechanganyika. Watu wa Isiolo wamechanganyika. Ongeza herufi mbili, i na w, unapata kuchanganyikiwa, na hapo kitenzi kimegeuka kuwa msiba. Ni muundo ule ule wa kufa na kufiwa. Anayekufa ni mmoja, anayefiwa ni mwingine. Kifo ni cha yule, uzito ni wa huyu. Basi na huku ni hivyo. Anayechanganyika ni mmoja. Anayechanganyikiwa anaweza kabisa kuwa mtu mwingine, yule anayemtazama na kushindwa kumpanga.

Kituruki hapa kinasaidia, kwa sababu kinataja kiungo. Mturuki hasemi "nimechanganyikiwa". Anasema kafam karıştı, kichwa changu kimechanganyika. Na ukimkuta mtu asiyeelewa jambo, unasema kafası karışık, kichwa chake kina mchanganyiko. Swali linakuwa rahisi: kichwa cha nani? Mwaka 1936, kichwa kilichokuwa na mchanganyiko kilikuwa cha ofisa wa kodi. Mwaka 1966 kilikuwa cha jeshi lililoshindwa kumtofautisha mwasi na mchungaji. Kwenye jopo la uhakiki kilikuwa cha fomu yenye nafasi moja ya kabila. Lakini kila mara, matibabu ya ugonjwa huo walipewa wenye vichwa vizima.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kufuta uhakiki huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mipakani. Wengine walisherehekea, wengine wakapinga wakisema ni hatari kwa usalama. Niliposoma mabishano yale mtandaoni nilisikia sauti ninazozijua: tutawatofautisha vipi? Hilo si swali jipya. Lina umri wa zaidi ya miaka 100, na limeshajibiwa kwa pasi, kwa mistari, kwa kodi, kwa uzio. Majibu yote yalidhani kwamba ugumu wa kutofautisha watu ni kosa la watu.

Simaanishi kwamba mchanganyiko wetu ni asali tupu. Tunagombana. Mpaka wetu na Meru bado unabishaniwa, mifugo inaibwa, na kila uchaguzi watu wanarudi kwenye vyungu vyao kuhesabiana. Lakini hata ugomvi wenyewe unaendeshwa na watu wanaofahamiana majina ya mama zao. Huo si mkanganyo. Ni ujirani, na ujirani una kelele zake.

Ninachoomba ni kidogo. Wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi, Mombasa, Arusha au ulipo, ukipita Wabera Street, jua kuna mtu. Na kama una nyanya au babu kutoka Waso, muulize gaaf daba ilikuwaje, muulize kwa lugha yake, na umrekodi kwenye simu kabla hajaondoka. Sheria ya 1970 ilifunga mahakama. Haikusema lolote kuhusu simu zetu.

Na ukiulizwa na yeyote kama umechanganyika au umechanganyikiwa, mwambie achague herufi zake vizuri, maana zile mbili huenda ni zake.